Nimemaliza kukimbia chuoni Marekani: naingiaje kwenye ofisi za michezo?

SWALI

Habari kaka. Mimi ni Mkenya, nilikuja Texas kwa skolashipu ya riadha, nikikimbia mita 5,000 na mbio za nyika. Muhula ujao namaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya michezo. Kwenye mbio za pesa kubwa sitafika, najijua. Ninachotaka ni kazi ya utawala wa michezo vyuoni huku huku, na baadaye niwe mshauri mwelekezi. Nimekubaliwa kusoma uzamili wa usimamizi wa michezo katika chuo kimoja cha binafsi, ila ada yake inanitisha. Niichukue nafasi hiyo? Nianzie ofisi gani? Na yale makampuni ya ushauri yanaweza kuniajiri moja kwa moja nikimaliza? Nipo kwa viza ya mwanafunzi, F-1.

JIBU

Dada, hongera. Kumaliza shahada huku unaamka alfajiri kukimbia si mchezo, na tulio ndani ya kazi hii tunalijua hilo. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine.

Makampuni ya ushauri hayatakuchukua ukitoka tu darasani, na hilo halihusiani na ugeni wako. Bidhaa yao ni uzoefu wa watu waliokwisha kukalia viti. Chuo kikitafuta mkurugenzi mpya wa michezo, mara nyingi hulipa kampuni ya kusaka viongozi, mfano Parker Executive Search, na kinacholipiwa pale hasa ni kujuana: nani amechoka alipo, nani hapatani tena na rais wa chuo chake, nani anaweza kuhama kwa siri bila magazeti kunusa. Wengine hufanya ukaguzi. Wanaitwa wapime kama chuo kinatimiza Title IX, ile sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, au wachunguze tuhuma kabla wachunguzi wa NCAA, chama kikuu kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hawajafika mlangoni. Bill Carr, aliyeanzisha kampuni ya ushauri inayobeba jina lake, alikuwa kwanza mkurugenzi wa michezo wa University of Florida. Ukipekua wasifu wa washauri wengine utakutana na mawakili, wachunguzi wastaafu na wakurugenzi wa zamani. Vijana wachache waliomo huingia kwa mlango wa uhasibu au uchambuzi wa takwimu, na wangeajiriwa hata kama kampuni ingekuwa inashauri hospitali.

Sasa weka viza juu ya hayo. Kampuni binafsi ikitaka kukuombea viza ya kazi ya H-1B, jina lako linaingia kwenye bahati nasibu ya nafasi 85,000 kwa mwaka, ambazo 20,000 kati yake ni za waliopata uzamili au zaidi katika vyuo vya Marekani. Chuo kikuu hakimo kwenye bahati nasibu hiyo. Kinaweza kukuombea mwezi wowote, bila ukomo wa idadi. Kwa hiyo sheria ya uhamiaji inakusukuma kule kule ambako kazi yenyewe ingekupeleka: chuoni kwanza, ushauri baadaye. Septemba 2025 Ikulu ya Marekani ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, na mwongozo uliofuata ukaeleza kuwa haiwagusi wanaobadilisha hadhi ya viza wakiwa tayari ndani ya nchi. Maana yake, usiondoke Marekani kwa likizo ndefu katikati ya maombi bila kuzungumza na wakili. Mambo haya hubadilika haraka, na si ya kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa Dallas.

Ofisi gani, basi? Mwanariadha wa zamani akifikiria idara ya michezo huwaona makocha, labda na yule bwana anayepanga mabasi na hoteli. Nyuma yao kuna uchangishaji fedha, tiketi, masoko, ushauri wa masomo, habari na takwimu, viwanja, tiba, uhasibu, na ofisi ya uzingatiaji wa kanuni. Kwa mtu wa hali yako ningechagua hiyo ya mwisho bila kusita. Uchangishaji fedha ndiyo njia inayowafikisha wengi kwenye ukurugenzi, lakini unadai umjue tajiri wa mjini aliyecheza futiboli hapo 1985, na mtandao wa namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi. Kanuni zimeandikwa. Anayezisoma vizuri kuliko wenzake anaonekana ndani ya mwaka mmoja.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unathibitisha kwamba kila mchezaji anastahili kucheza: anayeingia mwaka wa tatu awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake, wa nne 60, wa tano 80. Unakagua saa za mazoezi, zisizidi 20 kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ya mapumziko. Unasoma mikataba ya skolashipu. Mchezaji akiandika kuwa anataka kuhama, jina lake linapaswa kuingizwa kwenye lango la uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama chuo, ndani ya muda mfupi uliowekwa, hata kama kocha wake amekasirika na amesimama mbele ya meza yako. Na yeye atasimama, amini. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kumwambia "hapana" mtu anayelipwa mara ishirini ya mshahara wako, kwa adabu, na kwa kumwonyesha kifungu.

Zaidi ya hayo, kazi hii imepanuka ghafla. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao katika biashara. Kisha, tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken akaidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, ambamo wachezaji walidai malipo. Chuo kilichojiunga na utaratibu huo kinaweza kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26. Ukomo wa idadi ya skolashipu umeondoka, mahali pake umekuja ukomo wa ukubwa wa timu: mbio za nyika watu 17, riadha 45. Mikataba ya jina na sura na watu wa nje ya chuo, kuanzia dola 600, inaripotiwa kwenye mfumo uitwao NIL Go, ulioundwa na kampuni ya uhasibu ya Deloitte, na chombo kipya, College Sports Commission, ndicho kinachosimamia. Yote haya yamemwagika juu ya ofisi zilizokuwa na watu wanne au watano. Wanahitaji mtu anayeweza kusoma mkataba, kujenga jedwali la Excel lisilovunjika, na kueleza kwa lugha nyepesi pesa za nani zimetoka wapi.

Na wewe una kitu ambacho wengi wao hawana. Fikiria faili la kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, akakaa Iten miaka miwili akishindana mbio za barabara, akashinda bahasha mbili tatu za zawadi ya pesa, kisha akapata kocha wa kumleta Marekani. Matokeo yake ya KCSE yatafsiriwe vipi? Ile miaka miwili inamkata misimu mingapi? Bahasha zile zilikuwa na kiasi gani, na gharama zake za safari zilikuwa ngapi? Afisa aliyekulia Ohio ataandika barua pepe kumi na bado asijue amwulize nani. Wewe unajua mwalimu mkuu hupatikana saa ngapi, karatasi ipi ni halisi, na kwa nini tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti kimoja inaweza kutofautiana na ya kingine. Vivyo hivyo kwenye malipo ya jina na sura: kanuni za NCAA zimelegea, sheria ya uhamiaji haikulegea pamoja nazo, na mwanafunzi wa F-1 anayesaini mkataba wa matangazo bila ushauri anaweza kupoteza hadhi yake ya kukaa nchini. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, vina wachezaji wengi wa kigeni, na anayelielewa jambo hili kwa undani ni wa kutafutwa kwa tochi. Hilo ndilo la kuuza kwenye mahojiano. Medali zako zitaje kwa sentensi moja, uendelee.

Uzamili: usilipe ada hiyo. Sisemi shahada haina maana. Ohio University ilianzisha uzamili wa utawala wa michezo mwaka 1966, na mpaka leo waliopita pale wanavutana mkono nchi nzima. Lakini nafasi nyingi za kuanzia katika idara za michezo zinakaliwa na wasaidizi wanaosoma uzamili: chuo kinakufutia ada yote au sehemu, kinakupa posho, nawe unafanya kazi katika ofisi yake. Ukitoka una shahada pamoja na miaka miwili ya kazi. Aliyelipa mwenyewe hutoka na shahada na deni. Omba nafasi hizo hata kwenye vyuo vidogo ambavyo hujawahi kuvisikia, vya NCAA na vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, kwa kuwa huko ofisi ya kanuni ina mtu mmoja na nusu na utagusa kila kitu. Kwenye chuo kikubwa unaweza kukaa mwaka mzima ukiingiza saa za mazoezi tu.

Kabla ya kukubali programu yoyote, uliza msimbo wake utakaoandikwa kwenye I-20, ile hati ya chuo inayobeba viza yako ya F-1. Usimamizi wa michezo una msimbo 31.0504, nao haumo kwenye orodha ya masomo ya sayansi na teknolojia yanayokupa nyongeza ya miezi 24 ya OPT, yaani ruhusa ya mwanafunzi wa F-1 kufanya kazi inayohusiana na masomo yake. Uchambuzi wa takwimu umo. Programu mbili zinaweza kufanana kwa jina na madarasa, moja ikakupa mwaka mmoja wa kufanya kazi na nyingine mitatu. Kama una kichwa cha hesabu, uzamili wa uchambuzi wa takwimu huku ukiwa msaidizi katika idara ya michezo ni mpango mzuri kuliko huo uliouandika. Ila mwajiri wa kile kipindi cha nyongeza naye ana masharti ya kutimiza, kwa hiyo ofisi ya michezo iambiwe mapema.

Kuna jambo moja la kitamaduni ambalo wageni wengi halijawafikia. Idara za michezo huishi kwa saa nyingi: mechi Jumamosi, wageni Jumapili, simu usiku. Msaidizi Mmarekani akifanya kazi saa 45 anasifiwa kwa moyo. Wewe kwa F-1 sheria inakupa saa 20 kwa wiki chuoni wakati masomo yanaendelea, basi. Bosi wako hatalijua hilo. Mwambie siku ya kwanza na uliweke kwa maandishi. Vilevile usikubali "kujitolea" kwenye kazi ambayo kwa kawaida hulipwa mpaka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ikuandikie kuwa inaruhusiwa.

Halafu OPT ya shahada unayoimaliza sasa. Unayo miezi 12, na ukija kupata uzamili unapewa mingine, kwa hiyo usiiache ipotee kama bado hujapata nafasi ya usaidizi yenye ada iliyofutwa. Maombi yanafunguka siku 90 kabla ya tarehe ya mwisho wa programu yako na yanafungwa siku 60 baada yake. Ikishaanza, siku zisizo na kazi zisizidi 90 kwa jumla. Kazi lazima ihusiane na ulichosoma. Sayansi ya michezo na ofisi ya michezo vinahusiana, lakini uandike maelezo yenyewe kwa uangalifu, usiandike mstari mmoja. NCAA nayo ina programu ya mafunzo ya mwaka mmoja makao makuu Indianapolis kwa waliohitimu. Ushindani wake ni mkali, jaribu.

Muhula huu ulionao, fanya mambo yasiyohitaji ruhusa ya mtu. Kanuni zote za NCAA zipo bure kwenye hifadhidata iitwayo LSDBi. Chukua sura ya ustahiki na ya skolashipu, uzisome kama ulivyosoma vitabu vya fasihi vya KCSE, kwa kalamu mkononi. Ingia kwenye kamati ya ushauri ya wanafunzi wanariadha ya chuo chako, uone maamuzi yanavyofanywa. Na Wizara ya Elimu ya Marekani huchapisha takwimu za EADA, yaani mapato, matumizi na idadi ya wachezaji wa kike na wa kiume kwa kila chuo. Pakua za chuo chako na vinne vya konferensi yenu, yaani kundi la vyuo mnavyoshindana navyo, uandike kurasa tatu: nani anatumia kiasi gani kwa riadha ya wanawake, na pengo liko wapi. Hiyo ndiyo kazi ya mshauri kwa udogo wake. Mpelekee naibu mkurugenzi anayeshughulikia kanuni na uombe dakika ishirini za kusahihishwa. Katika wote wanaomtumia wasifu, utakuwa peke yako uliyemletea kazi.

Kuhusu kurudi nyumbani hukuuliza, ila nalisema kwa ufupi. Mike Boit alisoma Marekani hadi udaktari, akawa Kamishna wa Michezo wa Kenya na profesa. Suleiman Nyambui wetu wa Tanzania alipita University of Texas at El Paso, baadaye akawa katibu mkuu wa Riadha Tanzania. Shirikisho la michezo ya vyuo vikuu Afrika, FASU, lina makao yake Kampala. Nafasi zipo chache na mishahara haifanani, lakini mtu anayejua kuandaa faili la ustahiki lisilo na doa atapata wa kumsikiliza hata huko.

Ukipata barua ya usaidizi, angalia mambo matatu kabla ya kutia saini: kama ada iliyofutwa inahusu pia muhula wa kiangazi, nani analipa bima ya afya, na kama mkataba ni wa mwaka mmoja au miwili. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Ukiwa wa mwaka mmoja, waombe waandike lini watakujulisha kuhusu mwaka wa pili, na tarehe hiyo iwe kabla ya Aprili.