Mistari miwili kwenye jeli? Usimlaumu muuzaji kwanza

Ndugu wa Mbarara anauliza: ameagiza RNA fupi (uzi wa molekuli wenye herufi A, C, G na U) ya herufi 23. Kwenye jeli, ute ambao umeme huvuta molekuli ndani yake na kuzitenga kwa ukubwa na umbo, ya kawaida yenye maji ya TBE, imetoka mistari miwili. Je, ameuziwa uchafu?

Nami nikiwa mwanafunzi Kampala nilishaandika barua kali kwa muuzaji. Fundi wa maabara yetu, mama mpole, akanizuia: "Mwanangu, hebu ipitishe kwanza kwenye jeli ya urea." Nikapitisha. Mstari mmoja, safi kabisa. Urea hufungua mikunjo, ukabaki urefu peke yake. Kumbe RNA ni ileile, ila ina mikao miwili.

Yangu ilikuwa kipande cha HIV, pale ambapo nyuzi mbili za kirusi huanza kushikana. Kichwani ina kitanzi chenye herufi sita zinazoweza kuoana na herufi sita kama hizohizo za uzi mwingine: GUGCAC kwa aina A, GCGCGC kwa aina D, na zote mbili zimejaa hapa Uganda. Uzi kama huo unaweza kujikunja peke yake kama kibanio cha nywele. Vibanio viwili vinaweza kubusiana vichwa. Au nyuzi mbili zinafunguka kabisa na kulaliana toka mwanzo hadi mwisho. Busu linategemea sana magnesiamu. EDTA, kemikali ya kukamata metali iliyo ndani ya TBE, huinyakua, wapenzi wanaachana njiani. Waliolaliana hawaachani. Kwa hiyo mstari wako wa juu nadhani ni hao.

Mimi niliwatengeneza bila kujua. Nilichemsha RNA nyingi katika maji kidogo kwa nyuzi joto 95, umeme ukakatika, ikapoa taratibu ndani ya chuma cha kuchemshia hadi nikamaliza kula. Kesho yake nikaizimua, nikaichemsha tena na kuitumbukiza moja kwa moja kwenye barafu (ya wauza samaki wa Ggaba, mashine yetu ilikuwa imekufa). Mstari wa juu haukuonekana.

Fanya hivyo: izimue mara kumi, mara mia, kila moja uichemshe na kuipoza upya. Kibanio hakijali wingi, kinajikunja chenyewe. Jozi lazima nyuzi zikutane, kwa hiyo mstari wake utafifia. Halafu rudia jeli yenye magnesiamu bila EDTA, kwenye baridi, uone wanaobusiana.

Ila kama una GGG nyingi mfululizo, hapo kuna mkunjo mwingine, guanini (ndiyo herufi G) nne nne zikipangana ghorofa huku potasiamu imekaa katikati. Weka mfuatano wako hapa tuuone.