Kabla ya Kumfukuza Dereva, Pima Tairi la Ndani

Barua za mwezi huu ni nyingi, lakini tatu nimezitanguliza kwa sababu zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza habari ya upepo wa matairi. Niliendesha trela miaka 26, zaidi njia ya Mombasa hadi Kampala na mara nyingine kuvuka mpaka wa Katuna kuingia Rwanda, kisha nikapewa kusimamia matairi ya yadi moja hapa Tororo. Ninayoyajibu nimeyashika kwa mikono yangu.

Mzee wetu, salamu. Nina lori moja tu, hosi (kichwa cha kuvuta trela) ya difu mbili, yaani ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari, na trela la ekseli tatu. Dereva ni mtoto wa shangazi yangu. Zamani kupanda na mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala alikuwa anatumia lita 520. Tangu Pasaka anatumia 560. Nikimuuliza anasema gari limechoka. Watu wananiambia anauza dizeli Naluwerere, pale malori yanapolala njiani. Mama ananisihi nisimfukuze. Nifanyeje?
*Mwenye lori moja, Malaba*

Mwanangu, msikilize mama kwanza. Sisemi kijana hana kosa, simjui. Nasema lita 40 zina njia nyingi za kutoka kwenye tangi bila mtu kuzinyonya kwa mpira, na mimi huanza kuzitafuta chini, kwenye matairi.

Gari lako lina matairi 22: mawili mbele, manane kwenye difu, kumi na mawili kwenye trela, na hayo ya difu na trela hukaa pacha, moja la ndani na moja la nje. Kwa lori zito, karibu theluthi moja ya mafuta huliwa na kazi ya kuviringisha matairi tu. Tairi likikanyaga lami linajikunja, likiinuka linajinyoosha, na kila mkunjo unageuka joto. Joto hilo umelinunua kituoni kwa bei ya dizeli. Upepo ukipungua, mkunjo unazidi. Makadirio yanayotumika kwa malori ni kwamba psi 10 (psi ndicho kipimo cha presha ya upepo) zikipungua kwenye matairi, mafuta yanaongezeka kama asilimia 1. Kwa lita zako 520 hiyo ni lita 5 hivi. Gari zima likiwa psi 85 mahali pa 115, umeshapoteza lita 15 kwa safari moja.

Utasema gari zima haliwezi kuwa psi 85 na dereva asione. Nami nilidhani hivyo. Wiki yangu ya kwanza pale yadi nilinunua geji nzuri, nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikapima magari yote kabla ya injini kuwashwa. Matairi ya nje yalikuwa 110, 112, safi kabisa. Ya ndani yalikuwa 70, 65, moja lilikuwa 40. Tanboi, msaidizi wa dereva, alikuwa anapima la nje kwa sababu valvu yake inamtazama. Valvu ya tairi la ndani imejificha nyuma, lazima upitishe mkono kwenye matundu ya rimu, penye vumbi na grisi, wakati mwingine rimu bado ina moto wa breki. Basi anachukua nyundo, anagonga, tairi linalia, anasema liko sawa. Nyundo inaweza kukuonyesha tairi tupu. Tofauti ya 110 na 75 haiijui, na sikio la mtu yeyote haliijui, hata langu baada ya miaka yote ile.

Sasa nikuonyeshe kwa nini jambo hili linaninyima usingizi zaidi ya habari ya mafuta. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele, tani 18 kwenye difu mbili zenye tairi pacha na tani 24 kwenye ekseli tatu za trela. Gari lako, likiwa limejaa kihalali, ni tani 50. Gawanya zile 18 za difu kwa matairi manane: kila tairi linabeba kilo 2,250. Sasa moja la ndani liishiwe upepo. Mwenzake anabaki na kilo 4,500. Soma ubavuni mwa tairi lako la saizi ya 315/80R22.5; likiwa limeandikwa 156/150, maana yake linabeba kilo 4,000 likiwa peke yake na 3,350 likiwa pacha. Kwa hiyo lile zima limezidiwa, na wewe umelipita daraja la mizani la Busitema ukaambiwa mzigo uko sawa, kwa sababu mizani inapima ekseli, haipimi tairi moja moja. Unafika Iganga, unasikia mlipuko, unasema matairi ya siku hizi ni mabovu.

Matairi ya mbele ndiyo yasiyo na msamaha kabisa. Tani 8 kwa matairi mawili ni kilo 4,000 kila moja, mpaka wa mwisho ulioandikwa, na uwezo huo tairi linao likiwa na upepo wake kamili tu. Kwa mengi ya saizi hiyo ni bar 8.5, yaani kama psi 123, likiwa baridi. Mwaka 1999 nilikuwa nimetoka Jinja na ngano, nateremka ndani ya msitu wa Mabira, sijafika Najjembe pale wanapouza kuku wa kuchoma. Tairi la mbele kushoto likapasuka. Usukani ulinivuta kama ng'ombe aliyekata kamba. Mguu wangu wenyewe ulitaka kukanyaga breki, na neema ya Mungu ni kwamba mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amenikataza mara mia. Tairi la mbele likipasuka usiguse breki. Shika usukani kwa mikono miwili, acha mguu kwenye mafuta kidogo hadi gari linyooke, kisha lipungue mwendo lenyewe. Tulisimama majanini. Lingekuwa la kulia, ningevutwa upande yanakotoka mabasi. Asubuhi ile sikuwa nimepima, nilikuwa nawahi foleni.

Turudi kwenye lita zako 40. Matairi yakikupa 15, zimebaki 25. Muulize kijana amelala mara ngapi kwenye foleni na injini inanguruma. Injini ya lori iliyosimama inakula kama lita 3 kwa saa, na usiku mmoja wa saa sita mpakani ni lita 18. Kisha ingia chini ya trela. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka ndani kwenda nje, halafu urudi. Ukihisi upande mmoja laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, ekseli ya trela imepinda, na gari linaburuta matairi ubavu njia nzima. Shika na ngoma za magurudumu baada ya mwendo mfupi, kwa uangalifu usiungue. Yenye moto kuliko wenzake, breki yake haiachii.

Fanya haya pamoja naye, si nyuma yake. Mnunulie geji, mpe daftari, mpime matairi yote 22 alfajiri, yeye aandike kwa mkono wake. Lolote mtakalolikuta chini ya psi 92, kwa gari la 115, msilijaze tu. Sababu nitaieleza kwenye barua ya mama wa Lyantonde. Pelekeni gari safari tatu hivyo. Lita zikirudi 520 au karibu yake, mtaongea kama ndugu. Zisiporudi, utakuwa na daftari la kuzungumzia, si maneno ya watu wa yadi.

Mzee, mimi ni tanboi, niko njia ya Mbarara. Tukisimama Lukaya mchana bosi wangu anapima tairi, anakuta 130, ananiambia nipunguze hadi 115 lisipasuke. Nilisikia si vizuri, ila siwezi kubishana na dereva.
*Tanboi, Masaka*

Umesikia sawa, mdogo wangu. Tairi lenye 115 asubuhi penye ubaridi wa nyuzi 25, likipata moto hadi nyuzi 60 linasoma karibu 130. Ndivyo upepo ulivyo, na waliolitengeneza tairi walilijua hilo. Ile namba waliyoandika ni ya tairi baridi. Ukipunguza hadi 115 mchana, kesho alfajiri utakuta 101. Mkiondoka hivyo tairi linajikunja zaidi, linapata moto zaidi, mchana bosi anakuta tena imezidi 115, anapunguza tena. Baada ya siku chache mnaendesha tairi bovu, na mliolifanya bovu ni ninyi.

Tairi baridi ni lile lililosimama saa tatu au zaidi. Hapo ndipo kipimo kinapoaminika. Mchana geji ina kazi moja nzuri: kulinganisha. Yote yakisoma 130 na moja linasoma 105, hilo lina tundu au valvu inavuja. Moja likisoma 150, huenda breki yake imeng'ang'ania.

Kuna wanaosema kupanda kutoka pwani hadi huku juu ndiko kunakoongeza presha. Kunaongeza, lakini psi 2 hivi tu. Joto ndilo lenye nguvu.

Kuhusu kubishana na dereva, usibishane. Mwambie, "Afande, naomba kesho alfajiri tupime kabla ya kuondoka." Akiona 101 kwa macho yake, atafikiri mwenyewe.

Na kwa kuwa umeniandikia, nikupe lingine. Ukifunga pacha, usiweke jipya na kuukuu pamoja. Pacha zimefungwa kwa nati zilezile, lazima zizunguke sawa. Likiwa moja limeisha meno kwa milimita 5 tu kuliko mwenzake, mzunguko wake ni mfupi kwa sentimita 3, na tairi la saizi hiyo linazunguka kama mara 300 kwa kilomita. Hiyo ni mita 9 za kuburutwa kila kilomita. Toka Malaba hadi Kampala, kilomita zaidi ya 200, tairi limesuguliwa kwenye lami karibu kilomita mbili bila kuzunguka. Dizeli ndiyo iliyolisugua.

Baba, kijana wangu ana miaka 19, anaziba pancha za malori kando ya barabara hapa Lyantonde, usiku na mchana. Wiki iliyopita mwenzake wa kibanda cha jirani alivunjwa mkono na tairi likiwa linajazwa. Yeye anasema ni bahati mbaya. Mimi silali. Nimwambie nini?
*Mama, Lyantonde*

Mama, pole sana, na mpe pole yule mama mwenzako. Mwambie kijana kwamba haikuwa bahati, na kwamba mimi nimewahi kumbeba mtu aliyepigwa na tairi hivyo.

Tairi la lori lina nyaya za chuma ndani ya ubavu. Likiendeshwa na upepo mdogo, ubavu unajikunja kupita kiasi, na nyaya zinakatika moja moja, kimya, ndani ya mpira. Kwa nje halionyeshi kitu. Likija kibandani na kujazwa tena, ubavu unafunguka kwa mstari, kama zipu, na upepo wote unatoka kwa pigo moja. Ndiyo maana tairi lolote lililoendeshwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake halijazwi mpaka litolewe kwenye rimu na kukaguliwa ndani. Kwa tairi la 115, hiyo ni 92. Dereva atasema ana haraka, mzigo unasubiriwa Kigali. Mwacheni aende akajaze kwingine. Najua pesa yake inauma kuikosa.

Hatari ya pili ni rimu za zamani zenye ringi ya chuma ya kushikilia tairi, zile za tairi la tyubu. Ringi ikiwa na kutu au haikukaa vizuri, inaruka. Asiigonge kwa nyundo ikiwa na upepo, hata kidogo. Na kabla ya kulegeza nati ya gurudumu la pacha, atoe upepo wa matairi yote mawili, la nje na la ndani, kwa kung'oa sindano ya valvu kabisa. Asikubali mtu achomelee rimu yenye tairi juu yake, likiwa na upepo au halina. Wala asimwage petroli na kuwasha moto ili tairi likae kwenye rimu. Nimewaona vijana wakifanya hivyo wakishangiliwa, na mmoja wao leo hana jicho.

Tairi lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha mabomba mazito ya chuma. Asiegemee kizimba, asisimame mkabala na ubavu wa tairi. Akisikia mlio kama kuni kavu zinazokatika, asilisogelee. Autoe upepo kutoka alipo.

Kizimba kina gharama, na huenda mwenye kibanda hana haraka ya kukinunua. Basi aanze na mpira wa kujazia upepo wa mita tatu, wenye klipu inayong'ata valvu na geji upande wa mkononi, ili asiinamie tairi likijaa. Na kama ni wewe utakayetoa pesa hiyo, mama, nenda naye dukani siku hiyohiyo, urudi ukiona umefungwa kwenye kompresa.