Maswali ya Wasomaji: Siku Tatu kwa Miguu, Lushoto hadi Mtae

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Mwezi wa saba mimi na wenzangu wawili tunataka kutembea kutoka Lushoto hadi Mtae, tukilala Lukozi na Rangwi. Sote tumezoea tambarare. Tujipange vipi tusikwame njiani?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Anzeni na hesabu ya muda, kabla hata ya kufikiria mabegi. Julai jua la Usambara huzama kama saa 12 na nusu jioni, na baada ya hapo giza halikawii. Mabondeni kivuli huingia mapema zaidi, kwa kuwa milima hulificha jua.

Mtu mwenye begi hutembea kilomita 4 kwa saa kwenye njia tambarare. Ongezeni dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, na dakika 10 za kupumzika kila mkitembea saa moja. Kwa hesabu hiyo, kilomita 15 zenye mpando wa mita 600 zinataka karibu saa sita, pamoja na kula. Mkiondoka saa 1 asubuhi, mnafika saa 7 mchana, na bado mna akiba ya mwanga kama mmoja ataumia au mkipotea. Mkiondoka saa 4, akiba hiyo imeliwa kabla hamjapiga hatua. Mteremko msiuhesabu kuwa nafuu: udongo mwekundu ukilowa huteleza sana, na magoti huchoka zaidi kushuka kuliko kupanda.

Siku ya kwanza mtapita Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Lipeni kiingilio, na mchukue mwongozaji wa hapo hapo. Ndani ya msitu vijia hufanana, na ukungu ukishuka huoni mlima wa kukuonyesha uelekeo.

Nje ya msitu kuna watu kila mahali, lakini ulizeni kwa akili. Ukiuliza, “Hii inakwenda Rangwi?” utajibiwa ndiyo, kwa sababu ya adabu au kwa sababu njia hiyo kweli inafika, ila kwa kuzunguka. Uliza, “Njia ya Rangwi ni ipi?” kisha mwache akuonyeshe kwa mkono. Kuhusu umbali, “hapo tu” haikusaidii kitu. Mtafute anayetoka huko, umuulize ameondoka saa ngapi, halafu ongeza nusu ya muda wake, maana yeye ni mwenyeji wa milima.

Nguo: usiku wa Julai huko juu ni baridi ya kweli. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, nawe ukisimama tu unaanza kutetemeka. Jezi ya mpira hukauka upesi zaidi, na sweta la sufu la mtumba juu yake linatosha mkiwa na koti la mvua. Nguo za kulalia zifungeni ndani ya nailoni ngumu ile inayouzwa kwa mita, kwa sababu begi karibu lolote huvuja kwenye mishono. Begi zima lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako.

SWALI: Je, maji ya vijito vya milimani ni salama nikitia vidonge?
Msomaji, Tanga

JIBU: Inategemea kijito kimepita wapi. Milima ya Lushoto imejaa mashamba ya kabichi, karoti na viazi, na dawa za kunyunyizia na mbolea huoshwa na mvua hadi mtoni. Vidonge vya klorini huua vijidudu vingi, lakini haviondoi dawa za shambani, na kuchemsha hakuziondoi pia. Kwa hiyo chota juu ya mashamba, au jaza bombani kijijini, kisha tibu.

Soma pakiti: vidonge vingi vinavyouzwa madukani vimepimwa kwa lita 20. Usitumbukize kimoja kwenye chupa ya lita moja. Tibu ndoo nzima jioni mahali mnapolala, subirini dakika 30, kisha jazeni chupa. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwani uchafu hula nguvu ya klorini.

Kadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Aliyeharisha apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

SWALI: Miguu yangu hutoa malengelenge kila nikitembea mbali. Nifanyeje?
Msomaji, Arusha

JIBU: Lengelenge hutanguliwa na joto sehemu moja ya ngozi. Simama hapo hapo, hata kama wenzako wananung’unika. Vua kiatu, kausha ngozi, bandika plasta pana ya kitambaa bila mikunjo, badili soksi. Ukingoja hadi kituo cha chakula, umechelewa. Likishajaa maji na kuuma, litoboe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, minya maji, acha ngozi yake mahali pake, funika. Viatu vipya vivae nyumbani wiki mbili kabla ya safari, na kata kucha ili vidole visigonge kiatu kwenye mteremko.

SWALI: Nyoka akiuma mtu mbali na hospitali, tufunge kamba?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Hapana. Kamba ya kukaza huzuia damu na inaweza kumpotezea mtu mguu. Msichanje, msinyonye, na msipoteze muda kwa jiwe la nyoka, halivuti sumu. Sogeeni mbali na nyoka, mlazeni mgonjwa, mvueni kiatu na pete kabla uvimbe haujaja. Mguu ufungeni na kijiti kama uliovunjika, usicheze. Asitembee: abebwe kwa machela ya fito mbili na kanga hadi barabarani, na kwenye bodaboda akae kati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Andikeni saa aliyoumwa.

Namba ya dharura ni 112, lakini vijijini msaada wa kwanza utatoka kwa watu wa karibu. Kila asubuhi chukueni namba ya mwenyeji mnakokwenda na ya mwenyekiti wa kijiji, mziandike kwenye karatasi. Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni. Mabondeni hutafuta mtandao hadi chaji inakwisha. Pasipo mtandao, pulizeni filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, nyamazeni dakika moja, kisha rudieni.