RAM GB 4 na hela hakuna: nilivyoanza kupiga ngoma kwa kompyuta

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4 inatosha kutengeneza midundo? Uanze na programu gani? Na pedi, kile kifaa cha vitufe vya kupigia ngoma kwa vidole, ni lazima? La kwanza jibu ni ndiyo, tusipoteze muda hapo. Mimi nilianza na mashine chovu kuliko hiyo.

Kwenye programu, wengi watakuambia FL Studio na wana haki yao, maprodyuza wengi mtaani wamekulia humo. Ila jua hili: toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi na kuitoa kama faili la sauti, lakini ukishaifunga huifungui tena mpaka ulipie. Mimi nikajifanya mjanja, nikapewa iliyokrekiwa kwenye fleshi. Ikaja na virusi, nikapiga Windows upya, picha za familia zikaenda. Usinifuate huko.

Kilichonitoa ni Hydrogen. Ni ya bure kihalali, inaingia kwenye Windows, Linux na Mac, na haisumbui mashine. Haina gitaa wala sehemu ya kurekodia mwimbaji, kazi yake ni ngoma tu. Ukiifungua unakuta seti moja ya drams, GMRockKit, imeshapangwa: kiki (ngoma nzito ya mguu), sinea (ngoma kali ya mkono), haihati (matoazi mawili madogo yanayofumba), tamtamu (ngoma za kati), matoazi. Ishi na seti hiyo hiyo mwezi mzima. Nasema hivi kwa sababu miezi yangu ya mwanzo yote niliimaliza nikipakua sauti mpya. Nilikuwa na kiki zaidi ya mia tatu na sina mdundo hata mmoja.

Skrini ina sehemu mbili za kuelewa. Chini ni patani, yaani kipande kifupi cha mdundo kilichochorwa kwenye visanduku. Juu ni wimbo, unapopanga patani ipi ije baada ya ipi. Patani ya kawaida ina visanduku 16, mtindo uliozoeleka tangu mashine kama Roland TR-808 ya mwaka 1980, iliyokuwa na vitufe 16 vimejipanga chini. Weka kiki kwenye 1 na 9, sinea kwenye 5 na 13, haihati kila namba witiri. Tempo, yaani mapigo kwa dakika, iwe 95. Hapo tayari una kitu cha kutikisa kichwa. Ongeza kiki kwenye 11, usikilize inavyobadilika. Ukitaka singeli panda juu ya 200, mashine haitalalamika.

Utagundua haraka kuwa mdundo unasikika kama cherehani. Dawa iko chini ya visanduku, kwenye vijiti vya nguvu ya pigo. Haihati za 1, 5, 9 na 13 ziache na nguvu, zinazobaki zishushe hadi nusu. Hakuna mpigaji anayepiga kila pigo kwa nguvu ile ile, mkono unachoka, mkono una maringo. Kwenye miksa, dirisha la kurekebisha sauti ya kila ngoma, kuna pia vitufe vya kuyumbisha muda na nguvu kidogo kidogo. Vizungushe kwa kiasi, ukizidisha dramu inakuwa imelewa.

Sasa nije kwenye lililonisumbua kuliko yote, na sijaona mtu akilieleza kwa Kiswahili. Mimi ni wa pwani. Binamu yangu alipokuwa anaolewa nikajitolea kutengeneza mdundo wa chakacha. Nikachora kwenye visanduku 16, nikahangaika wiki nzima, kisha nikampigia shangazi, ambaye chakacha ameicheza tangu hajavunja ungo. Akasikiliza kidogo, akasema, “Mwanangu, ngoma hii inachechemea. Imeumia mguu?”

Kosa halikuwa sauti. Chakacha inahesabiwa 6/8, yaani vihesabu sita kila mzunguko, na sita haikai ndani ya 16. Nilikuwa najaribu kumvika mtu kiatu cha mwenzake. Kumbe kwenye patani kuna mahali pa ukubwa: futa 4/4, andika 6/8, halafu weka mgawanyo wa 8, unabaki na visanduku sita. Kiki kwenye 1 na 4. Tamtamu ya juu kwenye 1, 3 na 5. Haihati, ishike nafasi ya kayamba, kwenye vyote sita, nguvu ikiwa kwenye 1 na 4. Hapo viwili vinavutana na vitatu, na kiuno kinajua pa kwenda chenyewe. Ni mifupa tu hiyo, wapigaji wenyewe wa msondo, vumi na chapuo watanicheka, lakini shangazi safari hii alisimama.

Kuna mtego mmoja humo. Programu inahesabu tempo kwa robo, yaani visanduku viwili kati ya hivyo sita, wakati mguu wako kwenye 6/8 unakanyaga robo na nusu yake, yaani visanduku vitatu. Kwa hiyo ukitaka mguu ukanyage mara 100 kwa dakika, andika 150. Mimi niliandika 100, ngoma ikawa ya mazishi, nikadhani kompyuta imezidiwa.

Aibu nyingine ya harusi ile: kiki haikusikika ukumbini. Nyumbani nilikuwa nasikiliza kwa sabufa, ambayo inapandisha besi yenyewe, nami nikawa naishusha kiki kila siku ili isinipasue. Kufika kwenye spika za watu, kiki yote imebaki nyumbani. Tangu siku hiyo kila kazi naijaribu kwanza kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu, kisha ndani ya gari la rafiki.

Ukimaliza, itoe kama WAV, faili la sauti la kama MB 10 kwa dakika, uingize kwenye programu ya Audacity kama unataka kurekodi sauti juu yake. Andika tempo kwenye jina la faili, utanishukuru. Na hifadhi kila baada ya dakika chache, kompyuta ya mezani bila UPS, lile betri la akiba, na umeme wetu huu unaujua.

Pedi? Subiri. Safu ya chini ya kibodi, kuanzia Z, inapiga ngoma, Z ikiwa kiki. Ukibonyeza ukasikia sauti inachelewa, usilaumu vidole: nenda kwenye mipangilio ya sauti, ushushe bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kabla ya kukitoa. Kwenye 1024 unasubiri kama milisekunde 23, kwenye 256 kama 6. Ikianza kukwaruza, panda kidogo, kwa 512 mashine nyingi hutulia.

Hela ya pedi nunua hedifoni nzuri, na ziwe za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti kiasi kwamba hata bafa ukiishusha vipi utapiga nje ya mdundo.