Maswali ya Jikoni: Samaki Aliyefungwa Bila Hewa

SWALI: Mpendwa Mshauri, mwezi uliopita mume wangu aliniletea mashine ndogo ya kufyonza hewa na kuziba mifuko ya chakula. Jumamosi moja nilinunua ngege wabichi ufuoni Dunga, nikawapaa magamba na kuwatoa matumbo, nikawafunga wawili wawili na kuwaweka katika friji, wala si katika friza, kwa kuwa kijitabu cha mashine kinadai kwamba chakula hukaa mara tano zaidi. Siku ya tisa nilifungua mfuko mmoja na sikusikia harufu yoyote mbaya. Hata hivyo, mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Bondo, alikataa kabisa kuwala, akisema kwamba samaki wa siku tisa asiyenuka ni wa kuogopwa kuliko anayenuka. Tuliwatupa kwa heshima yake, lakini roho iliniuma. Je, tulitupa chakula kizuri?
Mama wa Watatu, Kondele, Kisumu

JIBU: Dada, mnunulie mama mkwe leso mpya. Alichokisema ndicho ambacho waandishi wa kijitabu hicho wangepaswa kukichapisha kwenye ukurasa wa kwanza.

Mashine hiyo huondoa hewa, lakini haiui vijidudu. Wengi wa bakteria wanaomfanya samaki anuke na kuteleza huhitaji oksijeni ili wazaliane, kwa hiyo ukiwanyima hewa hupungua kasi, na ile harufu ambayo sisi sote tumeizoea kama onyo huchelewa kufika. Lakini wapo bakteria wengine ambao hustawi mahali pasipo na oksijeni, na anayeogopwa zaidi miongoni mwao ni Clostridium botulinum, ambaye huishi katika udongo na katika matope yaliyo chini ya maji, na aina yake moja inayohusishwa sana na samaki huweza kukua hata katika baridi ya takriban nyuzi 3 za Selsiasi. Sumu yake hupoozesha neva, kuanzia macho na koo hadi misuli ya kupumulia, na huweza kuwamo katika chakula ambacho pua na ulimi haviwezi kukitilia shaka. Ni kweli kwamba sumu hiyo huharibika ikichemshwa vya kutosha, lakini mimi nisingeifanya sufuria kuwa hakimu wa samaki niliyemtilia shaka.

Sasa fikiria friji ya nyumba yenye watoto watatu, inayofunguliwa tangu asubuhi kwa ajili ya maji baridi. Ni nadra sana kwa friji ya namna hiyo kubaki chini ya nyuzi 4 mchana kutwa. Kwa hiyo samaki mbichi anayewekwa humo, awe na hewa au asiwe nayo, aliwe ndani ya siku moja au mbili.

Mahali pa mashine yako ni friza, na hapo itakufaa kwelikweli. Nyama ya samaki iliyogandishwa ikiguswa na hewa hukauka na kufanya madoa meupe, nayo mafuta yake huchacha. Mfuko uliobana huzuia mambo hayo yote mawili. Ngege hana mafuta mengi, kwa hiyo hutunzika vizuri kwa miezi mingi. Mbuta, hasa sehemu ya tumbo, hupoteza ladha mapema zaidi. Wagandishe siku ileile unayowanunua. Waoshe, uwapanguse kwa kitambaa safi mpaka wakauke, kisha uwatandaze juu ya sinia katika friza kwa saa moja au mbili kabla ya kuwafunga, kwa sababu samaki mwenye majimaji hulowesha midomo ya mfuko wakati mashine inapofyonza, na mfuko uliolowa hauzibiki barabara. Andika tarehe juu ya kila mfuko. Friza na iwe katika nyuzi 18 chini ya sifuri, na siku utakapotaka kupika, toboa au ukate mfuko kabla ya kumweka samaki katika friji ayeyuke, ili asiyeyuke akiwa bado amenyimwa hewa.

Kuhusu umeme, ambao sote tunaujua tabia zake: friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban siku mbili, na iliyojaa nusu kwa siku moja. Stima zikipotea, mlango usifunguliwe hata kwa kuchungulia.

SWALI: Nilifunga sukuma wiki na kabeji mbichi kwa mashine kama hiyo, na baada ya siku chache mifuko ikavimba kama baluni. Je, mashine imeharibika?
Msomaji, Bahati, Nakuru

JIBU: Mashine yako ni nzima. Mboga mbichi huendelea kupumua baada ya kuchumwa, na za jamii ya kabeji hutoa gesi ambayo hujaa mfukoni. Chovya majani ya sukuma wiki katika maji yanayochemka kwa dakika 2, uyahamishe mara moja katika maji baridi sana, uyakamue, uyafunge, kisha uyagandishe. Managu hufuata njia hiyohiyo. Uyoga mbichi na vitunguu saumu vibichi usivifunge kamwe bila hewa, kwa sababu ileile niliyomweleza dada wa Kondele.

SWALI: Je, inafaa kufunga mahindi makavu na omena kwa njia hii bila friji? Hapa kwetu fukusi hawatupi nafasi.
Baba Mboga, Bungoma

JIBU: Inafaa, mradi vyote viwe vikavu kabisa. Fukusi hawawezi kuishi bila oksijeni, na ndiyo maana magunia yasiyopitisha hewa yanafanya kazi bila dawa yoyote. Lakini mahindi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukosefu wa hewa hauondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia katika nafaka, na sumu hiyo si jambo la mzaha: mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ikiwa huna kipimo, tia mahindi kidogo pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu yenye kifuniko, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Isipoganda, bado usiharakishe, kwani kipimo hicho hutambua tu unyevu unaozidi takriban asilimia 15. Kwa mahindi ninayotaka kuyafunga miezi kadhaa, mimi huongeza siku nyingine ya jua.

Omena nao wakauke mpaka wavunjike mkononi, na kabla ya kuwafunga wazungushie karatasi safi, maana vichwa vyao hutoboa mfuko na hewa hurudi usiku mmoja tu.