Gari imeshushwa, inakula tairi za nyuma kwa ndani: acheni kusingizia kemba

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Subaru Impreza ya 2005, nimeishusha kama sentimita 4 hivi kwa springi fupi za dukani (sijakata), rimu 17. Tairi za nyuma zinaisha kwa ndani, yaani ukiangalia kwa juu kashata (vile vipande vya raba vinavyokanyaga lami) bado zipo vizuri tu ila ukiinama ndani nyuzi zinaonekana. Nimeenda alaimenti (kupanga pembe za tairi) sehemu mbili tofauti, kote wamesema iko sawa, na kweli ukiachia usukani gari inaenda straiti haivuti. Fundi wangu anasema ni kemba (tairi kulala, juu ikaingia ndani), gari ikishushwa lazima ile tairi, ninunue bolti za kurekebisha kemba au niipandishe tu. Nifanyeje mkuu?

JIBU: Mkuu kwanza hizo tairi zenye nyuzi nje toa leo, na asije mtu akakushauri uzigeuze kwenye rimu ili ndani iwe nje, tairi ikishaonyesha nyuzi imekufa hata kama upande mwingine inang'aa.

Sasa hili la kemba. Kila mwenye gari iliyoshushwa anayekuja hapa kashaambiwa kemba, na wengi washanunua vitu kabla hata gari haijapimwa. Ni kweli ukishusha gari tairi zinalala, juu zinaingia ndani, kwa sentimita 4 kwenye gari kama yako unaweza kuongeza digrii moja au zaidi kidogo. Ni kweli pia upande wa ndani utabeba mzigo mkubwa kuliko wa nje. Lakini kemba ya digrii moja na nusu peke yake haimalizi tairi mpaka nyuzi kwa muda mfupi, itakula ndani mapema kuliko nje, basi, na italika taratibu na laini. Kuna magari yametoka kiwandani na kemba ya kiasi hicho nyuma na watu wanayaendesha miaka bila kulalamika.

Kinachokumalizia tairi ni tou, yaani zile tairi mbili zinavyoelekea mbele ukizitazama kutokea juu, zimefunga (mbele zinakaribiana) au zimefungua (mbele zinaachana). Ukishusha gari mikono ya chini, vile vyuma vinavyounganisha tairi na gari, inabadilika mlalo na tou inahama nayo, hakuna aliyeigusa ila imehama. Piga hesabu mwenyewe: tairi moja ikiwa imepinda nusu digrii tu, kwenye rimu ya 17 hiyo ni kama milimita 4, jicho halioni kabisa, kila kilomita moja unayotembea hiyo tairi inaburuzwa upande karibu mita 9. Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190, kwa hiyo ukifika Msamvu tairi yako imeburuzwa kiubavu kwenye lami zaidi ya kilomita moja na nusu, na kwa sababu kemba imeshaweka uzito kwa ndani, basi inaburuzwa palepale pa ndani. Kemba inachagua wapi patalika, tou ndo inakula. Watu wanaona sehemu ilipolika wanalaumu kemba.

Unataka kuhakikisha bila mashine? Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje, halafu rudi kutoka nje kwenda ndani. Ikiwa upande mmoja mkono unateleza na ukirudi unakwaruzwa, kila kashata ina ncha kali upande mmoja, hiyo ni tou. Kemba tupu inaacha tairi laini pande zote mbili. Fanya kabla hujazitupa hizo tairi zako.

Na hiyo habari ya usukani hauvuti, sijui nani aliwaambia watu kwamba hicho ndo kipimo cha alaimenti. Tairi mbili za nyuma zikifungua sawasawa kushoto na kulia, zinavutana zenyewe kwa zenyewe na gari inaenda straiti kabisa huku zinasagika. Zikitofautiana ndo gari inatembea kiubavu kama kaa na usukani unakaa kombo, na hapo bado fundi mvivu atazungusha tairodi za mbele (vyuma vinavyogeuza tairi ukikata usukani) mpaka usukani ukae katikati akuambie tayari. Usukani umenyooka, nyuma palepale.

Kwa nini sehemu zote mbili wamekuambia sawa? Mi nabashiri hawajagusa nyuma. Gari yako nyuma ina sehemu ya kurekebishia tou, kuna bolti yenye washa ya yai (tundu lake haliko katikati, ukiizungusha inasogeza mkono) kwenye mkono wa nyuma, ule mwisho unaoingia katikati ya gari. Hiyo bolti kwenye Impreza za umri huo mara nyingi imeshikana na chuma cha bushi kwa kutu, hasa zile zilizotembea Japan mikoa ya barafu ambako wanamwaga chumvi barabarani, ukiweka spana inazunguka na bushi yake au inakatika. Fundi mwenye foleni ya magari nje hataki hiyo kesi. Anafunga vipimo tairi nne, anarekebisha mbili za mbele, kwenye kioo cha mashine mbele inakuwa kijani anakuonyesha mbele. Wewe dai karatasi ya tairi zote nne, kabla na baada, kama nyuma namba za kabla na za baada ni zilezile ujue umelipia nusu kazi. Bolti ikigoma kuna kupasha moto, na ikishindikana kabisa inakatwa na unaweka bolti na bushi mpya, siyo kazi ya dakika kumi na siyo bei ya dakika kumi.

Kazi yenyewe inavyotakiwa iende kwa gari yako: bushi na boljoint zikaguliwe kwanza, maana ukipanga alaimenti kwenye bushi iliyochanika namba zinakaa mpaka tuta la kwanza. Na hapa kuna kitu wanaofunga springi wanaruka karibu wote, bolti za mikono zinatakiwa zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake, siyo inaning'inia kwenye jeki. Ukizikaza inaning'inia, raba ya bushi inabaki imejinyonga muda wote, inachanika mapema na gari haikai kwenye urefu wake wa kweli. Legeza, shusha chini, kaza upya, tembea siku kadhaa springi zikae, ndo uende kwenye mashine, tairi zikiwa na upepo sahihi.

Pale kwenye mashine wakishafunga vile vibano kwenye rimu lazima waisukume gari kidogo mbele na nyuma au wazungushe tairi ili mashine ijue rimu imepinda kiasi gani, na rimu zetu hizi zilizochomelewa baada ya mashimo zimepinda tu. Wakiruka hiyo hatua kila namba inayofuata ni ya uongo. Halafu tou ya nyuma kwanza, iwe sifuri au imefunga kidogo, milimita moja mbili kwa jumla. Kisha kemba ya mbele, Subaru yako ina bolti ya juu ya shokapu ya mbele yenye yai la kiwandani, huhitaji kununua chochote hapo. Tou ya mbele mwisho kabisa kwa sababu ukigusa kemba, tou inahama, anayeanza na tou akamalizia na kemba ameharibu kazi yake mwenyewe. Kemba ya nyuma kiwanda hakijaweka pa kurekebishia, kwa hiyo kwenye kioo cha mashine itaonyesha nyekundu kwa vile mashine inasoma vipimo vya gari ambayo haijashushwa, achana na hiyo rangi. Kama haijazidi digrii mbili na kushoto kulia hazipishani zaidi ya nusu, iache. Ikizidi hapo ndo tuongee bolti za kemba, na ujue nyingi ni nyembamba kuliko bolti ya asili, zisipokazwa kwa kipimo shimo moja tu la barabarani linazihamisha.

Kwa hiyo huna haja ya kuipandisha, umetumia springi za maana, una bahati. Wanaonichosha ni wale wanaokwenda kwa jamaa wa msumeno. Anakata mzunguko mmoja na nusu wa springi, gari inashuka, picha inapigwa, inapostiwa. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi na fupi, shokapu inabaki ileile inagonga chini kila tuta, na tairi ikining'inia springi inalegea kwenye kikombe chake kwa sababu ile ncha iliyokatwa haina pa kukaa. Kuna wa pili yeye anapasha springi kwa gesi mpaka inainama yenyewe, hapo ameua ugumu wa chuma na kila springi imeinama kivyake, kushoto chini kuliko kulia. Halafu wa tatu, huyu ndo simpendi kabisa, anaweka jeki kati ya shokapu na chasisi anapinda shokapu ili "kutoa kemba", au anapanua tundu la bolti kwa tupa. Gari za namna hiyo zinaletwa kwenye mashine mwenye gari anataka alaimenti ya haraka kwa sababu kesho anasafiri na familia.

Mashine inapanga pembe za vitu vizima, haiwezi kupanga springi mbili za urefu tofauti. Mwenye springi ya msumeno akija kwangu kitu cha kwanza nanyanyua gari kwa jeki namwambia ashike springi aizungushe kwa mkono, ikizunguka tunaanza kuongea bei ya springi na shokapu, alaimenti baadae.