Gitaa la kwanza la umeme kwa bajeti ndogo

Umeuliza ununue jipya la bei rahisi au lililotumika. Lililotumika, mradi ulikague mwenyewe. Kwanza shingo, yenye freti, yaani vyuma vyembamba vilivyoikatiza: bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ile ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama freti ya 7. Kati ya uzi na freti hiyo pabaki upenyo mdogo tu, kama unene wa kadi. Ukiwa mkubwa, shingo imepinda. Huenda ikanyooshwa kwa kukaza chuma kilicho ndani yake, lakini muuzaji afanye hivyo mbele yako. Halafu piga kila uzi kwenye kila freti. Sauti ya kukwaruza mahali pamoja tu ina maana freti hiyo imelika au inayofuata, kuelekea mwili wa gitaa, imeinuka.

Chagua daraja (sehemu inayoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) lisilosogea. Yale ya kuelea yenye mkono wa kutikisa, hasa ya bei ya chini, hupoteza tyuni (ulinganifu wa sauti za nyuzi) haraka, na kubadilisha nyuzi ni adhabu. Anza na seti ya nyuzi ya 0.009 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa inchi), vidole vitakushukuru.

Usimalize pesa zote kwenye gitaa: theluthi hivi ibaki kwa amplifaya ndogo, kebo na tyuna. Rangi? Yoyote.